Kambi ya vijana kando ya Kivu: anza na ardhi

Ndugu, nimekuelewa: kanisa limekukabidhi vijana 20 kwa siku nne kando ya Ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, na unaogopa wale wakubwa kati yao hawatakutii.

Mimi ninachokihofia kwanza ni mazuku, yaani mashimo na mabonde yenye gesi inayoua. Kaboni dayoksaidi hutoka ardhini, haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama mabondeni, hasa usiku upepo ukitulia. Msisimike hema kabla wenyeji hawajawatembeza. Mkiona ndege au mbuzi amekufa shimoni, ondokeni. Mtu akianguka humo, asifuatwe. Wengine hufa wakiokoa. Iteni msaada.

Ziwani, bila jaketi la kujiokolea hakuna mtumbwi. Nendeni na muuguzi.

Kuhusu utii, wape kazi ya kweli. Kijana aliyenisumbua kuliko wote nilimpa tochi na daftari, ahesabu wenzake kabla ya sala ya usiku. Usiku wa tatu alikuja mbio: "Yaya (yaani mkubwa wangu), mmoja hayupo!" Alikuwa chooni, lakini tangu hapo sikumwita mara mbili.

Usimfokee kijana mbele ya wenzake. Na akikueleza kwamba anaumizwa nyumbani, usimwahidi siri. Tafuta siku hiyohiyo mshauri wa watoto anayeaminika.