Oili ya distributa iwekwe wapi, na kwa kiasi gani?

Swali: Gari langu ni la zamani, lenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ya kontakti, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Nilipaka grisi kwa wingi ndani yake nikidhani naitunza, lakini siku chache baadaye injini ilianza kumisi na gari likawa zito kuchanganya. Nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, grisi hiyo imefika kwenye nyuso za kontakti, ambazo hutakiwa kuwa kavu wakati wote. Cheche ndogo inayotokea kila zinapoachana huiunguza ikawa utando mweusi unaozuia umeme, na matokeo yake ni plagi kupata moto dhaifu. Chomoa waya wa betri, toa kifuniko cha distributa na rota, kile kipande kinachozunguka chini yake, kisha pitisha kati ya kontakti kipande cha karatasi safi kilicholoweshwa petroli kidogo, ukirudia kwa vipande vingine hadi kimoja kitoke bila doa. Kontakti zilizochimbika zibadilishwe.

Baada ya kufuta grisi yote iliyozidi, paka upya kwenye pembe za kemu (sehemu ya shafti inayozunguka na kuzitenganisha kontakti) kiasi cha kichwa cha kiberiti tu, kwa grisi isiyoyeyuka kwa joto. Kisigino cha kontakti kikisuguana na kemu kavu hulika, mwanya kati ya kontakti hupungua, na moto huchelewa siku hadi siku bila dereva kutambua. Egemeo la kontakti inayocheza linatosheka na tone moja la oili ya injini, na kipande cha feliti kilicho juu ya shafti, chini ya rota, matone mawili au matatu.

Mahali panaposahaulika zaidi ni chini ya bamba la kontakti, kwenye vile vyuma vizito viwili vinavyotanuka kadiri mwendo unavyoongezeka ili kuwahisha moto. Vikikauka au kushika kutu, hubaki vimeganda: vikiganda vimefumba, injini hukosa nguvu kwenye mwendo wa kasi, vikiganda vimetanuka, injini hugonga. Dondosha matone machache kupitia uwazi wa bamba, rudisha rota, izungushe kwa vidole kuelekea upande inakozunguka, kisha iachie. Yapasa irudi yenyewe upesi. Ikirudi kwa kusitasita, distributa ifunguliwe na kusafishwa, kwa maana oili peke yake haiondoi kutu. Hata waliokwisha kubadilisha kontakti kwa mfumo wa elektroniki bado wanahitaji kazi hii, iwapo vyuma hivyo vimebaki.

Sukuma pia shafti kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zinazoishika zimelika, na mwanya hautatulia hata uupime mara ngapi.

Mwisho, pima mwanya kwa filageji (bapa nyembamba za kupimia) wakati kisigino kiko kwenye ncha ya pembe ya kemu. Fuata kipimo cha kitabu cha gari lako. Distributa nyingi za kampuni ya Lucas za silinda 4 hutaka milimita 0.35 hadi 0.40. Taimingi, yaani wakati wa moto kuruka kwenye plagi, ipimwe baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa sababu kila unapogusa mwanya unaihamisha.