Jibu: Mtego wa mbawakawa kwenye maharage, Ilemela

Ndugu yangu, umeuliza kama uagize ule mtego wa mbawakawa wa Kijapani. Tafadhali usiagize. Harufu yake imetengenezwa kumvuta mdudu huyo, naye hayupo kwetu. Hata Marekani, alikoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1916, mtego huita wengi kuliko unaowanasa, na mimea iliyo karibu ndiyo huliwa zaidi.

Mimi hapa Nyegezi huingia bustanini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka na wadudu bado wazito. Nakinga kopo la maji yenye sabuni ya unga chini ya ua, natikisa shina, wanadondoka. Fanya kila siku.

Kama wako ni wale weusi wenye mistari ya njano wanaotafuna maua, vaa glavu. Majimaji yao hutoa malengelenge, na watoto wasiwashike kabisa.