Tungule zinaungua ncha, na wewe unataka kuchimba zaidi?

SWALI: Nalima tungule (nyanya) robo eka Makunduchi, kusini Unguja, kwa mipira ya matone na pampu ya sola. Mwanzo zilistawi; sasa majani ya chini yanaungua ncha na kingo. Muuza dawa kaniuzia busta, fundi anasema tuongeze kina cha kisima. Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate hata mmoja. Ukiona utando mweupe pembezoni mwa duara la unyevu linaloachwa na matone, hiyo ni chumvi. Busta unayopulizia majani haigusi chumvi iliyo mizizini, na mbolea nayo ni chumvi. Ukizidisha, unauongezea mche mzigo. Wapo pia wanaouza jasi, unga wa madini wenye kalsiamu, ya "kuua chumvi". Udongo wa maweni, wa mawe ya matumbawe, umejaa chokaa yenye kalsiamu tayari, hiyo jasi ya nini?

Lakini fundi ndiye atakayekumaliza. Huko kwenu maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu, pampu ikishusha uso wa maji sentimita 10, chumvi ya chini hutaka kupanda kama mita 4. Kuchimba ni kuifuata iliko! Pandisha mdomo wa pampu karibu na uso wa maji, vuta nusu saa, pumzisha, jaza tangi kidogo kidogo. Pima EC (kipimo cha chumvi kwenye maji, kwa dS/m) unapowasha na kabla ya kuzima. Ikipanda, punguza muda. Tungule huanza kupoteza mavuno maji yakipita EC 1.7, pilipili hoho 1.0, maharage 0.7 tu. Yakifika 2.3, mwagia robo hivi zaidi ya mahitaji ya mmea ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Manyunyu yakija usifunge mipira, maana yatairudisha chumvi ya pembeni mizizini. Tandaza majani makavu, si makumbi yaliyofukiwa pwani. Hayo yana chumvi yake.

Ndoo na kamba zilikuwa zikichota juujuu, kisima kikapumzika usiku kucha. Pampu tano za vijana watano, zikivuta jua lote la kaskazi, hazikipi nafasi hiyo, na wa kwanza kuonja chumvi huwa ni jirani mwenye kisima cha kunywa, asiye na hata mche mmoja wa tungule. Pangianeni zamu za kuvuta sasa. Kisima kikishaingia chumvi hungoja masika, na masika moja huenda isitoshe.