Faini ndo ilonipotezea kitabu: kuazimisha watoto vitabu nyumbani Lamu

Mwaka wa sita huu naazimisha watoto vitabu hapa kwetu mtaa wa Langoni, na hakupiti mwezi bila mtu kuniuliza, nami nataka kufungua maktaba ndogo nyumbani nianzie wapi? Jamani anzieni na mlivyonavyo. Mie nilianza na vitabu 43 ambavyo wanangu walikuwa washavimaliza, Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri nikavipanga juu ya baraza pale dakani, yaani penye paa mbele ya mlango wa nyumba, nikakaa navyo, basi. Kabati hakuna, bango hakuna, daftari moja tu na kalamu.

Daka nalisisitiza kwa sababu ukishaanza kuazimisha vitabu nyumba yako inakuwa si yako peke yako. Watoto watabisha saa sita mchana watu wamelala, watabisha magharibi uko jikoni na mafuta motoni. Kukaa dakani mlango wa ndani umefungwa kunakusaidia mambo mawili, watu wa nyumbani wanabaki na sitara yao, na mzazi anayepita njiani anamuona mwanawe yuko wapi na anafanya nini. Mie mtoto wa watu simuingizi ndani hata mvua ikinyesha, tunabanana hapohapo. Halafu chagua saa zisizogongana na chuo cha Kurani, manake huku kwetu mtoto akitoka skuli anaingia madrasa, ukifungua saa kumi siku ya kazi utakaa peke yako na vitabu vyako. Ramadhani nafungua usiku baada ya tarawehe na huo ndo mwezi wanaokuja wengi kuliko yote.

Sasa nije kwenye hili la faini, ndo hasa lililonifanya niandike.

Mwaka wa kwanza nilibandika karatasi mlangoni: siku moja ya kuchelewa shilingi 10, ukipoteza kitabu unalipa bei yake. Nilidhani ndivyo maktaba zinavyofanya na ndo watoto watajifunza kutunza vitu. Kulikuwa na msichana wa gredi 4, hakosi Ijumaa hata moja, anakuja mbio na buibui lake la chuoni anataka kujua kama kuna kipya. Ghafla akapotea. Wiki ya kwanza nikasema mgonjwa, ya pili, ya tatu, mwisho nikaacha kuhesabu. Baada ya miezi mitatu nikakutana na mamake sokoni penye samaki, naye aliponiona akainamisha uso, akaniambia, "Dada, nilikuwa naona haya hata kupita mlangoni kwenu." Kumbe walikwenda Matondoni kwa bibi yao, wakati wa kurudi kitabu kikaanguka ngamani, kule chini ndani ya mashua maji yanakotuama, kikalowa maji ya chumvi, mtoto akakificha chini ya kitanda kwa sababu ameisoma ile karatasi yangu na anajua mamake hana pesa.

Kesho yake akakileta kwenye mfuko wa nailoni. Kurasa zimefura zimegandana, ukijaribu kuifungua moja inatoka na ngozi ya nyenziwe, madoadoa meusi ya kuvu toka mwanzo mpaka mwisho, harufu usiseme. Na huyo mtoto kasimama ananitazama usoni.

Kilichonichoma ni hiki, lau angekuja siku ileile kitabu kingepona. Kitabu kilicholowa maji ya bahari unakisuuza polepole kwenye beseni la maji baridi, kikiwa kimefungwa usikipanue, chumvi itoke, unakikamua kwa taulo bila kukisokota, unatia karatasi za tishu baina ya kurasa na kuzibadilisha kila zikilowa, halafu unakisimamisha wima penye upepo au mbele ya feni. Juani usikianike, kinajikunja kama dagaa. Kikishakauka kitie chini ya kitu kizito siku mbili tatu. Lakini una siku mbili tu, baada ya hapo kwa joto na unyevu wetu huu kuvu inaanza. Kwa hivyo kitabu kile hakikuuliwa na bahari, kiliuliwa na karatasi yangu ya mlangoni iliyomfundisha mtoto kuficha. Jioni hiyohiyo niliibandua.

Siku hizi nawaambia watoto neno moja tu, kikilowa, kikichanika, kikiliwa na mbuzi, kilete leo. Sigombi na sidai pesa. Aliyepoteza kabisa anakuja Ijumaa mbili kunisaidia kutia vitabu jaladi, na wengi wakimaliza hizo mbili wanaendelea kuja kwa hiari yao. Mwaka jana katika vitabu kama 300 vilipotea 11, na mie hizo ni hesabu ninazoziweza. Kama wewe huwezi kuvumilia kupoteza kitabu, kile unachokipenda sana usikitoe, kiweke chumbani kwako, hakuna dhambi.

Mambo mengine niyapitie haraka. Nyumba zetu za mawe zinavuta unyevu, nilipopata vitabu vingi nilivipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vikapendeza wallahi, masika ya mwezi wa nne yakaingia na vile vilivyogusa ukuta vyote vikashika kuvu mgongoni. Kabati liwe vidole vinne mbali na ukuta, miguu iinuliwe juu ya matofali, na vitabu visibanwe sana hewa ipite. Vile vidonge vyeupe vya kuulia mende na nondo tafadhali msitie, ni sumu kwa watoto na watoto ndo wenye kuvishika vitabu hivyo kila siku wakashika na midomo. Ukiona vijidudu, funga kitabu kwenye nailoni mbili ukitie friza ya barafu kali wiki mbili, wanakufa.

Selotepu nayo isahau. Kwa joto la huku inageuka manjano, gundi inatoka pembeni na kurasa zinashikana. Chukua kipande cha kitambaa cha marikani upana wa vidole vitatu, paka gundi nyeupe ile ya mafundi seremala, ubandike mgongoni mwa kitabu ukikandamiza kwa kidole gumba toka katikati kwenda nje, kilaze chini ya kinu mpaka asubuhi. Nina vitabu nilivyovitengeneza hivyo mwaka wa pili na bado vinazunguka mtaani.

Na msiwe na haya kukataa msaada. Wageni wenye nia njema waliniletea maboksi, nikalipa mashua toka Mokowe kule bara, nikalipa punda toka gatini, kufungua ni vitabu vya kodi vya nchi nyingine. Sasa nauliza kwanza nitumiwe picha kwa wasapu. Ninachokililia ni vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo, vyenye picha kubwa na maneno machache, manake hivyo mtoto anakwenda navyo nyumbani akamsomea bibi yake. Kuna bibi mmoja jirani, yeye kasoma chuoni, Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu na hizi zetu za kizungu hazijui, mjukuu anamsomea jioni naye anamsahihisha matamshi.

Kumpimia mtoto kitabu sina mtihani. Namwambia fungua ukurasa wa katikati usome, kila neno usilolijua kunja kidole, mkono ukifumba wote kitabu hiki kikubwa kwako kwa sasa, chukua kingine. Lakini akiking'ang'ania nampa. Mara ngapi nimeona mtoto anabeba kitabu kizito kwa ajili ya picha moja tu ya jahazi.

Kile cha maji ya chumvi bado ninacho, kiko rafu ya chini. Kila anapokuja mtoto mpya kujiandikisha namtolea akishike na kukinusa, halafu yule msichana, sasa yuko sekondari na Ijumaa akiwepo anakaa nami dakani, anamhadithia mwenyewe kilikuwaje.