Nanochembe "zinapenyeza" au "zinapenya"?

Swali: Ninatafsiri kijikaratasi cha wagonjwa kuhusu dawa ya saratani inayobebwa na nanochembe, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nimeandika: "Chembe hizi zinalenga uvimbe, zinapenyeza kwenye chembe za saratani na kutoa dawa." Mwenzangu anadai kuna makosa matatu. Mimi naona moja tu. Ni mangapi?

Jibu: Ni manne, na la sarufi ndilo dogo kuliko yote.

Kupenya ni kupita mwenyewe penye upenyo mwembamba. Kupenyeza ni kupitisha kitu kingine, na kitu hicho lazima kitajwe: penye udhia penyeza rupia. Inayopita ni rupia, si wewe. Basi nanochembe hupenya. "Hujipenyeza" nayo ni sahihi, ila ina harufu ya hila, kama mtu anayeruka foleni.

Pili, sentensi moja ina chembe za aina mbili. Chembe nyekundu za damu ni seli. Chembe ya vumbi si seli. Mgonjwa atajuaje nani anamwingia nani? Za saratani ziite seli, zilizobeba dawa ziite nanochembe. Upatanisho ni wa i-/zi-: nanochembe hii, nanochembe hizi. Hiyo "ch" ya chembe isikupeleke kwenye ki-/vi-. Huko kuna chembe cha mshale na chembe cha moyo, na ni neno jingine.

Kosa zito ni "zinalenga". Chukua Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Ni doksorubisini, dawa inayoua seli za saratani, iliyofungiwa ndani ya liposomu, yaani kiputo cha mafuta chenye kipenyo cha nanomita 100 hivi, kilichovikwa polima (molekuli ndefu kama minyororo) kwa nje ili seli za kinga zisikidake mapema. Kiputo hicho hakina macho. Mishipa ya damu ya uvimbe mwingi wa saratani huota harakaharaka na kuta zake hubaki na nyufa. Kiputo huvujia humo, na kwa kuwa mifereji ya limfu ya uvimbe huo, ambayo kazi yake ni kuondoa majimaji, ni hafifu, hakitoki upesi. Watafiti Matsumura na Maeda wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 1986. Huko ni kuvuja na kunasa, siyo kulenga. Kitenzi "kulenga" kiwekee nanochembe iliyopachikwa kingamwili (protini ya kinga) au molekuli nyingine inayoshika alama fulani kwenye seli.

Nasisitiza hili kwa sababu "inalenga" humfanya mgonjwa aamini kwamba dawa haiendi kwingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, wa majaribio mengi kwa wanyama, ulikuta kwamba kiwango cha kati kilichofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya dozi. Sehemu kubwa ya nanochembe hudakwa na ini na wengu. Na anayetumia Doxil anaweza kupata wekundu, maumivu na kuchubuka viganjani na kwenye nyayo. Kama aliambiwa dawa inalenga uvimbe tu, atadhani amedungwa dawa mbovu.

La nne mwenzako hakuliona: "kutoa dawa". Kutoa ni kutokeza, na pia ni kuondoa. Nanochembe inayotoa dawa kwenye seli inaweza kusomeka kama inaiondoa humo. Andika "kuachia dawa". Kwa kazi nzima, sema "kufikisha dawa". "Utoaji wa dawa" uachie dirisha la famasia. Na uvimbe ukitajwa mara ya kwanza uwe "uvimbe wa saratani", maana hata aliyeumwa na nyuki ana uvimbe.

Sentensi yako basi: "Nanochembe hudungwa mshipani, huvujia kwenye uvimbe wa saratani kupitia nyufa za mishipa yake ya damu, hunasa humo na kuachia dawa, ambayo huingia kwenye seli."

Kama kijikaratasi ni cha Doxil, andika "doksorubisini ya liposomu" kila inapotajwa, hata kama inachosha. Dozi yake si ile ya doksorubisini ya kawaida, na hazibadilishani miligramu kwa miligramu.