Draisuti yenyewe haina joto: yale niliyojifunza kuhusu nguo za kuvaa ndani

Wadau mlioanza kuzamia baharini na mtungi mgongoni kwetu pwani, sijui Watamu, Diani, Nungwi huko, halafu maisha yakawaleta Ulaya na bado roho inataka maji, hii ni yenu. Kule tulizoea wetisuti, ile suti ya mpira inayoingiza maji, ya unene wa mili tatu, siku nyingine fulana na kaptura tu, maji nyuzi 28, ukitoka unalalamikia jua. Mimi nilihamia Glasgow, na mara ya kwanza kuzama huku ilikuwa Loch Long pale Arrochar, ni bahari iliyoingia katikati ya milima, mwezi wa Machi, saa yangu ya kuzamia inaniambia maji ni nyuzi 6.

Sasa ngoja niwaambie nilivaa nini. Niliazima draisuti ya klabu, ile suti inayokuacha mkavu ndani, nikajua kazi imeisha, manake si maji hayaingii, baridi itapitia wapi? Ndani nikavaa fulana ya pamba, juu yake sweta la pamba lenye kofia, chini suruali ya trakisuti. Zipu nikaifunga mapema nikiwa bado nyuma ya gari, nikabeba mtungi na risasi za kiunoni, ule uzito wa kukuzamisha, kushuka kwenye mawe, jasho linanitoka kama niko Kongowea nabeba gunia la viazi. Dakika ya 10 mgongo ukaanza kuganda, dakika ya 18 nimempa mwenzangu ishara tupande, na kule juu vidole havikuweza kufungua hata klipu moja, ikabidi mzee mmoja wa klabu anivue kama mtoto anayepelekwa kuoga. Akaichukua ile fulana akaikamua mbele yangu, maji yakachuruzika. Nikamuuliza, suti imetoboka? Akacheka, akasema suti nzima kabisa, hayo ni majasho yako mwenyewe umekaa nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Draisuti nyingi siku hizi ni kitambaa chembamba cha tabaka tatu, kwa joto haina tofauti na koti la mvua. Zile za neoprini, mpira wenye vipovu vya hewa ndani yake, zina kajoto kake lakini ukishuka kina nayo inabanwa, inapungua. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kwenye nguo ulizovaa ndani, basi. Na maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo ukikosea ndani, suti ya bei gani vile haikusaidii kitu.

Kwa hiyo anza na ile inayogusa ngozi. Pamba hapana. Hata kama ni nzito na unaipenda, pamba inakunywa jasho na kukaa nalo, na kitambaa kilicholowa kinapitisha baridi moja kwa moja. Vaa sufu ya merino au zile themo za polista zinazosukuma unyevu utoke nje, ibane mwili kidogo, mikono mirefu mpaka kwenye kifundo. Juu yake ndio inakuja ile ovaroli nene yenyewe, wengi tunaiita andasuti tu, maana ukisema nguo za ndani watu wanawaza mambo mengine.

Andasuti ziko za flizi na ziko za kujazwa nyuzi nyuzi kama Thinsulate. Flizi ni nzuri, inafulika, inakauka haraka, bei yake inavumilika, lakini ina ugonjwa mmoja: ikibanwa inalala. Na kubanwa kupo tu, ukifika mita 10 ile hewa ndani ya suti imebaki nusu, mita 30 imebaki robo, usipobonyeza kile kitufe cha kifuani kuongeza hewa suti inakukumbatia na flizi inakuwa kama karatasi. Nimeona wageni wengi wanaogopa kuongeza hewa eti wataelea, wanashuka wamebanwa kama samaki wa kopo halafu wanalaumu andasuti. Ongeza kidogo kidogo mpaka usikie mikunjo imeachia. Thinsulate yenyewe inavumilia kubanwa vizuri zaidi, na hata suti ikivuja inabaki na joto kiasi. Zile namba 100, 200, 400 unazoona ni gramu kwa mita moja ya mraba. Kwangu mimi maji ya nyuzi 12 mpaka 14 natosheka na themo na flizi, yakishuka chini ya 8 natoa ile ya 200 na kizibao cha kifuani juu yake, na hiyo ya 400 nawaachia wanaokaa chini saa nzima. Mwili wako sio wangu lakini, mwembamba na mnene hawasikii baridi sawa.

Na msidanganywe na kalenda. Bahari inachelewa nyuma ya hewa, huku yanakuwa baridi zaidi Februari na Machi, yanakuwa na joto Agosti na Septemba. Mwezi wa Mei watu wako nje na miwani ya jua wanakula aiskrimu, wewe unaingia maji bado yanang'ata.

Nilipopona ile aibu ya kwanza nikafanya kosa la pili, nikarundika. Themo mbili, flizi, na sweta juu. Kwanza kila unene unaouvaa unabeba hewa, na hewa inaelea, kwa hiyo nilihitaji kilo kadhaa za risasi za ziada ambazo zote mgongo wangu ndio unazibeba kwenda na kurudi. Ukibadilisha andasuti pima uzito upya, na upime mtungi ukiwa umebaki na ba 50 (ba ni kipimo cha msukumo wa hewa), yaani unakaribia kuisha, sio ukiwa umejaa. Pili, na hii ndio iliyonitisha, kwenye mkono wa kushoto juu kuna ile valvu ya kutoa hewa, lile sweta likajikunja likaenda kuiziba kwa ndani. Napanda, hewa inatanuka, nainua mkono itoke, haitoki. Nilishukuru tulikuwa kwenye mteremko nikashika jiwe, nikavuta mpira wa mkononi, ule unaobana kifundo maji yasiingie, hewa ikatokea hapo na maji yakaingia, baridi yake sitaisahau. Andasuti za maana zina kipande cha wavu au kitambaa chepesi pale kwenye valvu, kiangalie kabla hujalipa.

Dukani vaa andasuti pamoja na suti, halafu chuchumaa, inua mikono uguse kisogo, jifanye unafunga viatu. Ikikuvuta mabegani au kwenye msamba ni ndogo. Miguu ndio wengi tunakosea, soksi tatu ndani ya buti linalobana zinazuia damu na vidole vinakufa ganzi haraka kuliko ukivaa moja ya sufu yenye nafasi. Mikono nayo, ukipata glavu kavu weka za sufu ndani, na pitisha kauzi kadogo chini ya mpira wa mkononi ili hewa iingie kwenye glavu, bila hivyo zinakubana kina kikiongezeka.

Siku yenyewe funga zipu mwisho kabisa, mtungi uko tayari, mwenzako yuko tayari. Na ukifunga hakikisha hakuna uzi wa flizi ulionaswa kwenye meno, zipu hizo bei yake inaliza. Kunywa maji pia, najua kwa nini hamnywi, mnaogopa mkojo, lakini kuzama umekauka mwili ni kujitafutia ugonjwa wa mapovu, yale ya gesi yanayotokea mwilini ukipanda, bora uvae nepi ya watu wazima, sisi sote tumevaa.

Kwa wasio na hela, huku nako kuna mtumba. Themo za merino nimezipata kwenye maduka ya hisani kwa bei ya chai na keki. Andasuti iliyotumika nayo sio mbaya, ila ifinye kwa vidole viwili pale magotini na makalioni halafu achia, ikirudi kujaa chukua, ikibaki imelala kama chapati ya jana mrudishie mwenyewe.