Maswali yenu, kutoka kijijini, kaunti ya Clare, Ireland

Ni kweli huko Ireland barabara ilikwepa mti kwa kuogopa majini? (Msomaji, Tanga)

Kweli, na si mbali na ninapoishi. Ni kijiti cha miiba tu, kiko Latoon, kando ya barabara kuu ya kwenda Limerick. Mwaka 1999 kilikuwa kikatwe kupisha barabara hiyo. Eddie Lenihan, msimulizi wa hadithi za kale, akapaza sauti: hapo ndipo majini wa Munster, mkoa wa kusini, hukusanyika wakienda kupigana na wenzao wa Connacht, mkoa wa magharibi, atakayekikata asishangae ajali zikiandamana. Kikazungushiwa uzio, barabara ikapita pembeni. Mwaka 2002 mtu akaja na msumeno wa mashine, akafyeka matawi yote. Kikachipua tena. Mzee jirani yangu ukimuuliza kama anaamini atacheka sana, halafu atakwambia yeye pale haokoti hata ukuni. Tena hawawaiti majini. Huwaita "watu wema", kama sisi usiku tunavyomwita nyoka kamba.

Nasikia mnachoma udongo?

Ndiyo, ule mweusi wa kinamasi, mimea iliyolala ndani ya maji maelfu ya miaka. Hukatwa kuanzia Aprili, vipande kama matofali, vikatandazwa, kisha vikasimamishwa vichache vichache vikiegemeana ili upepo upite katikati. Kazi yote ni ya kuinama. Mwaka wangu wa kwanza mgongo ulinilaza siku mbili. Ni wa kuotea moto, si wa kupikia. Jikoni tuna umeme. Tangu 2022 sheria imebana biashara yake kwa sababu ya moshi, ila wenye haki ya kukata bado wanakata.

Kwa nini madereva wa huko huinua kidole?

Salamu. Mkono hautoki kwenye usukani, kidole cha shahada tu. Usipojibu, kufika jioni dukani wanajua.

Ng'ombe baridi wanaivumiliaje?

Kwingi hufungiwa bandani. Burren, kaskazini mwa Clare, ni kinyume: baridi ikikaribia ndiyo wanapandishwa vilimani. Kule ni mawe ya chokaa, yameshiba jua la kiangazi na hulitoa polepole, na ng'ombe hulala pakavu. Wakishushwa karibu na Mei, nyasi ndefu wameshazimaliza, na kwenye nyufa za mawe yanatokeza maua ya bluu, bluu ya wino, makubwa kama sarafu.